Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Mashine ya Wote

Karakana ya pamoja ina wanachama arobaini na mashine moja ya CNC. Wote arobaini ni wenye mashine, wote wana maoni kuhusu mashine, na wote walikuwa safarini siku mashine ilipoharibika. Kama unausoma mwongozo huu, wewe hukuwa safarini. Ulikuja Jumamosi kuchonga kibao cha duka la shemeji yako, mtu akakuuliza kama una dakika tano, ukajibu kwa adabu kwamba unazo. Jioni ulirudi nyumbani na ufunguo wa kabati la vifaa mfukoni. Hapakuwa na uchaguzi wala kikao, lakini tangu siku hiyo watu wakikutana nawe kituo cha daladala hawaulizi hali ya watoto. Wanauliza hali ya mashine.

Hongera. Tuone basi umekabidhiwa nini.

Chini kuna meza. Juu ya meza kuna daraja linalokwenda mbele na nyuma, na kwenye daraja kuna kigari kinachokwenda kushoto na kulia. Kwenye kigari imefungwa spindeli, yaani mota inayozungusha kisu, nayo hupanda na kushuka. Kila mwendo una mota yake, na katika mashine ndogo kila mota huzungusha parafujo ndefu. Mashine nyingi za aina hii hutoka China, na jina lake ndilo kipimo chake: 6040 ina uwanja wa sentimita 60 kwa 40, na 1325 ina mita 1.3 kwa 2.5, ukubwa wa kulaza shiti nzima ya MDF ya futi nane kwa nne. Ubongo wa zile ndogo mara nyingi ni kadi isiyozidi kiganja, yenye kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ndani yake kuna Grbl, programu ya bure aliyoianzisha Mnorwe Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Kilobaiti 2 ni pungufu ya baadhi ya malalamiko utakayotumiwa kwenye simu, lakini zinatosha kuendesha mota tatu kwa pamoja bila kukosea hesabu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mmarekani John Parsons alihangaika na vipande vya ndege ambavyo mkono wa fundi haukuweza kuvirudia sawasawa, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kuchonga inayoongozwa na namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Utepe umekwenda zake, lugha imebaki. G0 maana yake nenda upesi, njia ni nyeupe. G1 maana yake nenda kwa mwendo niliokupa, unakata. Mwanachama atakayeandika 0 mahali pa 1 atawafundisha wote tofauti hiyo kwa sekunde moja na mlio mmoja.

Kuhusu majukumu yako, tayari yameandikwa na watu wazito kuliko katibu wetu. Mtandao wa Fab Lab, ulioanzia MIT kwa Neil Gershenfeld na kufika hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, una hati fupi inayomtaka kila mtumiaji asaidie kusafisha, kutunza na kuboresha karakana. Yasome maneno hayo matatu kwa mpangilio wake. Wanachama wengi huyasoma kutoka kulia: huanza na kuboresha, na kabla hawajafika kwenye kusafisha adhana ya magharibi imeshalia.

Nyenzo yako ya kwanza ya kazi ni kikundi cha WhatsApp. Utaandika: "Habari za asubuhi wanakarakana. Naomba kujua nani alitumia mashine jana usiku." Ujumbe utasomwa na watu thelathini na moja. Mmoja ataweka picha ya kikombe cha chai na maneno ya baraka kwa siku njema. Mwingine ataeleza kwamba yeye alipoondoka saa moja mashine ilikuwa nzima, ingawa hukumuuliza. Baada ya hapo utanunua daftari, ulifunge kwa kamba kwenye mguu wa meza, na uandike kwenye jalada kwamba kila atakayetumia mashine aandike tarehe, jina, kisu, na alichokiona. Mwisho wa mwezi daftari litakuwa na mstari mmoja: "Inafanya kelele." Hakuna jina. Tarehe ni ya siku ambayo umeme haukuwepo.

Usilitupe daftari. Libadilishe swali. Watu hawaandiki makosa yao, ila wanaandika mafanikio yao kwa furaha, kwa hiyo waulize ni mwendo gani na mzunguko gani uliowapa kazi safi. Katika mafanikio hayo utasoma kila kitu. Aliyeandika kwamba alichonga mninga wa inchi moja "kwa mara moja tu" ndiye aliyepinda kisu.

Tuingie kwenye kusafisha, kazi ambayo haina picha za kupiga. Adui wa mashine ni vumbi, na vumbi la MDF ndilo baya kuliko yote kwa sababu ni laini kama unga na linapita hata pale ambapo huwezi kuingiza wembe. Mwanachama mwenye nia njema atakuja na kompresa kupiga upepo. Mwondolee bomba mkononi kwa upole. Upepo hautoi vumbi kwenye mashine. Unalihamisha kutoka juu ya reli, ambako halikuwa na madhara makubwa, na kulisukuma ndani ya beringi. Tumia brashi na mashine ya kufyonza. Halafu kuna mapafu. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na hilo ni vumbi la mbao yoyote, hata ile aliyoitumia babu yako maisha yote. Mpingo una nyongeza yake, maana vumbi lake huwawasha ngozi baadhi ya watu hadi wakahama fani. Kwa hiyo barakoa inavaliwa puani. Ikivaliwa kidevuni inalinda ndevu.

Spindeli ikiwa ya kupozwa kwa maji, kutakuwa na ndoo na pampu. Fungua mfuniko wa ndoo. Katika mji wa pwani ndoo hiyo ni mazalia ya mbu yenye umeme. Weka maji safi yenye dawa ya rejeta ya gari, funika, na bandika karatasi inayosema pampu iwashwe kabla ya spindeli. Karatasi haitasomwa. Unganisha nyaya ili visiweze kuwaka kimoja bila kingine, na karatasi uiache kwa ajili ya wageni.

Kulainisha ndiko kunakotenganisha wapenzi wa mashine na maadui zake, na bahati mbaya wote hushika kopo. Kuna watakaopulizia WD-40 na kuondoka wameridhika; kinyunyizo hicho kilitengenezwa mwaka 1953 kufukuza unyevu kwenye chuma, kinafaa kwa nati iliyoshika kutu, lakini kwenye reli hukauka upesi na kuacha chuma kitupu. Kuna watakaopaka grisi ya magari kwa ukarimu, na baada ya wiki moja grisi na vumbi vitakuwa vimeungana kuwa msasa laini unaosaga kile ulichotaka kukilinda. Na kuna mmoja, hakosekani, atakayeleta mafuta ya alizeti. Reli hufutwa kwanza mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha hupakwa oili nyepesi ya mashine kidogo tu, daraja likapitishwa mara kadhaa, na kinachozidi kikafutwa. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hilo halisubiri mashine itumike. Chumvi ya hewani haina siku ya mapumziko, na reli iliyoachwa kavu mwezi wa Ramadhani inaweza kukulaki Idi na madoa mekundu.

Koleti ni kifaa kidogo cha chuma chenye mipasuo kinachoshika kisu, na ndicho kinacholaumiwa kidogo kuliko kinavyostahili. Huingizwa kwanza kwenye nati yake mpaka iite "tik", ndipo vyote viwili vikafungwa kwenye spindeli. Anayeiweka koleti ndani na kufuata na nati juu yake anaifunga imekaa upande, na kisu kitazunguka kikichora duara pana kuliko unene wake. Chembe moja ya vumbi ndani yake hufanya vivyo hivyo. Kisha kuna suala la inchi. Visu vya robo inchi vina mpini wa milimita 6.35, vya kipimo cha metriki vina 6, na kwenye kabati la karakana ya pamoja vimelala pamoja kwenye kopo moja la Blue Band. Kilichoshikwa nusunusu kitateleza kushuka taratibu wakati wa kazi, hasa kile cha msokoto unaovuta takataka juu, na mchoro ulioanza na kina cha milimita mbili utaishia kwenye meza.

Meza, kwa bahati, ina ubao wa kafara. Ni shiti ya MDF iliyolazwa juu yake ili kisu kikipita chini ya kazi kikutane nayo badala ya chuma. Kila baada ya muda huchunwa ngozi: kisu kipana kinapita uso mzima na kuondoa nusu milimita, na hapo uso unakuwa sambamba na mwendo wa mashine yenyewe. Kabla ya hapo pitisha sumaku, upapase, na uinamishe macho usawa wa meza, kwa sababu kuna mtu alikaza kazi yake kwa skrubu za chuma, akaichonga, akaondoka nayo, akaacha skrubu mbili zimezama. Ukimaliza, pitisha kiganja. Ukihisi matuta kama ngazi ndogondogo, spindeli haijasimama wima na inahitaji kunyooshwa. Wengi wakihisi matuta hayo hununua msasa.

Mraba nao hauhitaji kifaa cha bei. Mafundi ujenzi wa mtaani kwako wanapiga pembe ya msingi wa nyumba kwa tatu, nne na tano, na daraja la mashine hunyooshwa kwa kanuni hiyo hiyo. Toboa vitundu vitatu, milimita 300 upande mmoja na 400 upande wa pili. Umbali wa mshazari ukiwa 500, nenda kanywe chai. Ukiwa 501, daraja limekaa mkao wa mtu anayeegemea nguzo, na makabati yote yaliyochongwa tangu Krismasi yana siri moja.

Sasa tuzungumze kuhusu mwanachama mmoja tutakayemwita Mhandisi, maana ndivyo anavyojiita. Mhandisi hajawahi kushika brashi. Amekuja kuboresha. Ni mtu mwema na mara nyingi ni mwerevu kukuzidi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Siku ya kwanza Mhandisi atachonga mraba wa milimita 100, atapima kwa kalipa, atapata 100.2. Atatangaza kwamba mashine "haijakalibrishwa", atafungua orodha ya mipangilio ya Grbl, atafika kwenye namba 100, inayosema ni mapigo mangapi yanasogeza mhimili wa X milimita moja, na atabadilisha 320 iwe 319.36. Atapima tena. Mia kamili! Watu watapiga makofi.

Ile 320 haikuwa maoni ya mtu. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kiendeshi kimegawanya kila hatua mara 8, parafujo inasogea milimita 5 kwa mzunguko: 1,600 gawanya kwa 5. Wiki inayofuata dada mmoja atachonga uso wa droo wa milimita 500, utatoka 499 na ushee, na atakupigia wewe simu. Kilichotokea ni kwamba kisu cha Mhandisi kiliandikwa 6 lakini kimenolewa mpaka 5.8, na kisu chembamba kikipita nje ya mstari huacha nyama ya nukta moja kila upande. Ungemwomba achonge mraba wa pili wa 300 kabla ya kugusa chochote, angeona mwenyewe. Kosa likibaki 0.2 kwenye mia na kwenye mia tatu, tatizo ni kisu, au parafujo iliyolegea, au kiungo chake na mota. Kosa likipanda hadi 0.6, hapo ndipo namba inaguswa. Kwa sababu hiyo mipangilio yote ya mashine inatakiwa iandikwe kwenye karatasi, ikapigwe lamineshini, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati ambalo ufunguo wake unao wewe.

Siku ya pili Mhandisi atashughulikia kengele za uongo. Mwisho wa kila reli kuna swichi ndogo ya kuisimamisha mashine daraja likifika ukingoni, na swichi hizo zina tabia ya kupiga kelele daraja likiwa katikati kabisa. Sababu yake huwa ni nyaya. Kebo nene inayotoka kwenye inveta, kisanduku kinachoilisha spindeli umeme, imefungwa pamoja na nyaya nyembamba za swichi kwenye mkanda mmoja wa plastiki, kwa kuwa ilipendeza hivyo, na umeme wenye fujo wa inveta unarukia upande wa pili. Dawa ni kuzitenganisha, kutumia kebo yenye wavu wa chuma ndani, na kuufunga wavu huo kwenye waya wa athi. Kazi hiyo ni ya mchana mzima, magotini. Dawa ya Mhandisi ni kuandika sifuri kwenye mpangilio namba 21, na swichi zinanyamaza milele.

Ili uelewe uzito wa sifuri hiyo, inabidi ujue jambo moja ambalo mashine za bei yetu hazimwambii mtu. Kadi haijui daraja liko wapi. Inajua ilichoamuru, basi, kama mkuu wa ofisi anayehesabu barua alizotuma kuwa kazi iliyofanyika. Daraja likigonga ukingo, mota itanguruma papo hapo bila kusogea, na kadi itaendelea kuhesabu: milimita kumi, ishirini, hamsini. Kisha itageuka kwa utulivu na kuchonga jina la bibi harusi likiwa sentimita tano pembeni ya ubao.

Kazi kubwa ya Mhandisi, ile ambayo atapigwa picha nayo, ni UPS. Umeme umekatika mara ya tatu katikati ya kazi, na yeye amepata UPS iliyotumika ofisini, ameifunga kwenye kompyuta. Sasa umeme unakatika, taa zinazimika, spindeli inasimama, mota zinalegea, lakini kompyuta inaendelea kuwaka na kadi, inayokula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB, inaendelea kutuma amri kwa mota zilizokufa. Dakika mbili baadaye umeme unarudi. Mota zinaamka mahali zilipolala na kuanza kutii amri ya dakika hiyo, ambayo ni ya mahali pengine kabisa. Inveta, kwa kawaida, haijiwashi yenyewe baada ya kukatika. Kwa hiyo kisu kisichozunguka kinaburutwa ndani ya mtiki kwa nguvu zote za daraja. Kabla ya maboresho umeme ukikatika ulipoteza kazi. Baada ya maboresho unapoteza kazi na kisu, na mwenye mtiki anakudai ubao.

UPS haina dhambi. Kilichokosekana ni rilei ndogo ya bei ya chakula cha mchana, inayoshikwa na umeme wa mota. Umeme huo ukipotea, rilei inaachia na kuiambia kadi isimame. Kazi ya nusu saa. Haitapigwa picha.

Rilei hiyo hiyo inaweza kupita kwenye kitufe chekundu. Hicho ndicho kifaa pekee ambacho mwanachama yeyote anaruhusiwa kukigusa bila mafunzo, na sharti kikate umeme wa spindeli na wa mota. Kile kinachoiomba tu kompyuta isimame ni pambo. Kijaribu kila Jumatatu. Kwenye karakana kadhaa nimekikuta kimegeuzwa ndoano ya kutundikia mkoba, na palepale pembeni bango kubwa la Usalama Kwanza.

Kuna somo moja ambalo utalifundisha mpaka uchoke, nalo linapingana na malezi yetu yote. Mgeni akiogopa mashine huipunguzia mwendo. Tumeambiwa polepole ndio mwendo, na kwamba haraka haina baraka, na watoto wetu tumewaambia vivyo hivyo. Kisu hakikuwepo. Chukua kisu cha meno mawili kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika. Kila jino likate unyoya wa sehemu ya kumi ya milimita, basi daraja lazima liende milimita 3,600 kwa dakika. Mgeni anaweka 600 kwa usalama. Sasa kila jino linapata chini ya sehemu mbili za mia za milimita, ambazo haziwezi kukatika, zinasuguliwa. Mbao inaanza kunukia, inakuwa ya kahawia, halafu nyeusi, kisu kinapoteza makali, na kile kinachofyonzwa kwenda kwenye mfuko wa vumbi kinaweza kuwa na cheche ndani yake. Moto wa karakana unaweza kuanzia hapo, na kuamka saa tano usiku wakati mlinzi yuko nje na redio yake.

Mashine yako ikishindwa mwendo wa 3,600, punguza mzunguko. Mara 10,000 kwa dakika na milimita 2,000 inakupa unyoya ule ule. Au weka kisu cha jino moja. Ukitaka kujua kama umepatia, tazama sakafu: vipande vidogo vinavyoonekana kwa macho ni heri, unga mtupu ni shari. Na kama karakana ina seremala mzee anayekaa karibu na mlango na kudai haelewi kompyuta, mwamkie vizuri, mweke karibu na mashine, umsikilize. Akisema "kinalia hicho", zima. Ni yeye pia atakayekuambia, bila kupima kitu, kwamba mtiki wa shamba la Longuza, Tanga, unakula makali kuliko mninga, na ni kweli, maana mtiki una chembe za silika ndani yake.

Litafika suala la fedha. Beringi za spindeli zimeanza kuimba na mwili wa spindeli haushikiki kwa joto. Utatangaza mchango. Wanachama hawa ndio wale waliokusanya fedha za harusi ya mweka hazina ndani ya wiki mbili, kwa kamati, kadi na ahadi zilizofuatiliwa mpaka mlangoni. Kwa beringi utapata ahadi sita, mmoja akisema atatoa mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi. Muuzaji wa vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, atakuonea huruma na kukutolea beringi ya pikipiki, kipenyo sawasawa, bei nusu. Mshukuru, uondoke. Kitu kinachozunguka mara 24,000 kwa dakika kinataka beringi ya kazi hiyo, iliyofungwa kwa usafi wa hospitali. Na ukiwa umeshafungua, angalia inveta: spindeli ya aina hii hufikia mzunguko huo kwa umeme wa hezi 400, na inveta iliyobaki kwenye mpangilio wa hezi 50 huichoma spindeli mpya kabla hujamaliza kuisifia.

Mbinu iliyosaidia mahali pengine ni kuacha kuchangisha kabisa na kutoza kwa saa ambayo kisu kimezunguka, kiasi kidogo, kilipwe kabla, kiingie kwenye mfuko usioweza kununua soda. Saa hizo zikihesabiwa, utajua pia lini reli zinadai oili. Watasema umekuwa mchoyo. Umekuwa.

Mwisho, jiandae kwa mgeni rasmi. Atakuja, kwa sababu mashine inayosogea yenyewe inapendeza kwenye taarifa ya habari. Siku hiyo usikubali kuchonga kitu kipya. Chagua kibao chenye jina la karakana, ukichonge mara moja siku ya kabla, uhifadhi mpangilio, kisha asubuhi ukipitishe hewani kisu kikiwa kimeinuliwa milimita 20 juu ya ubao, uone kama daraja linagusa mkanda, kipaza sauti au shada la maua ambalo kamati ya mapambo imelifunga kwenye reli. Kuna shada. Litoe.

Katibu atasoma risala. Katika rasimu uliyompa, changamoto ya kwanza ilikuwa beringi mbili na mashine ya kufyonza vumbi. Rasimu ilipita kwenye kamati, na sasa risala inaomba jengo. Mgeni rasmi atasikia, atatabasamu, ataahidi mashine mpya yenye mihimili mitano, na ukumbi wote utasimama. Mhandisi ameshaanza kupima mahali itakapokaa. Wewe piga makofi kwa kiganja kimoja pajani. Kingine kibaki juu ya kitufe chekundu, kwa sababu mheshimiwa ameinama kuona jina likichongwa, na tai yake ni ndefu.